Shangazi na Chupa za Mtihani

Mimi ni dereva wa sampuli. Nazunguka na gari jeupe lenye friji nyuma, nikikusanya vitu ambavyo mtu mwenye akili zake hawezi kuvipakia garini: maziwa yaliyokatika, damu ya ng'ombe, udongo wa shambani, maji ya kisima, na siku moja mwanasesere wa mpira aliyeshukiwa kuwa na rangi yenye sumu. Vyote navipeleka maabara, kwa sababu kampuni yetu hupima. Ina maabara katika nchi arobaini na moja, na makao makuu yako mbali kiasi kwamba sisi tukiketi kula chakula cha mchana, wao ndiyo kwanza wanapiga mswaki. Nimeieleza kampuni mapema ili niachane nayo, maana ninayetaka kumsimulia ni Shangazi.

Shangazi anaosha chupa. Alianza kwa kupiga deki sakafu, mwaka mmoja akapandishwa kwenye sinki, na kwenye sinki amekaa miaka kumi na tisa. Ana jina lake kama watu wote, lakini siku walipokuja kutengeneza vitambulisho, yule wa kompyuta alimuuliza mlinzi, "Huyu mama anaitwa nani?" Mlinzi akajibu alichokijua. Tangu siku hiyo, kwenye vitabu vya kampuni, katika nchi zote arobaini na moja, yeye ni Shangazi. Hakukataa. Alisema jina lake la kwenye benki libaki benki.

Ni mfupi, mnene kidogo, na hatembei, anachapa mguu. Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi: sinki tatu za chuma, pipa la asidi lenye kifuniko cha njano, brashi kumi na sita zilizotundikwa kwa ukubwa, na kabati la kukaushia linalonguruma mchana kutwa. Usiingie humo na viatu vya nje. Niliingia mara moja, na nilichoambiwa siwezi kukiandika hapa kwa sababu kilimgusa mama yangu mzazi.

Kuosha chupa ya maabara si kuosha kikombe. Kwanza sabuni ya maabara, halafu pipa la asidi, halafu kusuuza mara tatu kwa maji ya mashine, yaliyotolewa kila kitu hata ladha. Kisha Shangazi huinua chupa kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama. Maji yakiteremka kwenye kioo kama kitambaa kimoja, chupa imetakata. Yakisimama matone matone, inarudi sinki. Nimewahi kuona amerudisha chupa sita kati ya sita, na wenyewe wenye digrii zao wakasimama mlangoni kimya, wakisubiri.

"Bado," anawaambia. "Nendeni mkanywe chai."

Kitu kimoja tu hakukipenda katika kazi yake yote, nacho ni sabuni ya maabara. Haitoi povu. Alikuwa akiimimina kwenye beseni, anaikoroga, anaitazama kwa huruma. "Sabuni bila povu," alikuwa akisema, "ni sawa na salamu ya mtu asiyekutazama."

Nyumbani ana mume. Huyu mzee alikuwa karani wa posta. Miaka ishirini na saba alisoma bahasha za watu bila ruhusa ya kuzifungua, na alipostaafu, akaanza kusoma kila kilicho wazi. Na husoma kwa sauti. Gazeti, sawa. Lakini pia kipande cha gazeti kilichofungia misumari, karatasi ya dawa, maandishi ya chini ya sahani, tangazo la mwaka juzi. Mtaani wanamwita Mzee Gazeti. Shangazi amekuwa akimwambia kwa miaka thelathini na moja, "Baba nanii, hebu nyamaza masikio yangu yapumzike." Mzee hunyamaza kidogo, kisha macho yake huangukia kibiriti.

Sasa nije kwenye mtihani. Kila baada ya miezi sita, makao makuu hutuma kisanduku chenye chupa ndogo za maji. Wao wanajua ndani kuna nini, sisi hatujui. Tunapima, tunaandika majibu, tunatuma, wanatupa alama. Maabara zote arobaini na moja hufanya mtihani huo huo, na kitengo chetu cha maji kilikuwa kikifaulu kama mchezo. Watu watano, na mkuu wao ni mkemia, mwanamke mwenye miwani mizito na kicheko kinachosikika mpaka getini ninapoegesha gari. Shangazi anamwita mwanangu. Alimpokea siku ya kwanza akiwa hajui hata choo kiko wapi, na mpaka leo humwekea chai kwenye themosi, na humkaripia asipokula.

Basi mwaka jana tukafeli. Fosfati. Hicho ni kitu kinachoingia kwenye maji kutoka kwenye mbolea na kwingineko, na kwenye majibu yetu kilikuwa kingi mara mbili ya ukweli. Mkemia akaona haya, akapanga upya kila kitu. Akabadilisha dawa za kupimia. Akaita fundi wa mashine. Mtihani uliofuata tukafeli tena, na safari hii vibaya zaidi. Cha ajabu, kazi za kila siku zilikuwa sawasawa. Maji ya watu tulipima vizuri, maji ya kulinganisha, yasiyo na kitu ndani, yalitoa sifuri kama inavyotakiwa. Tunafeli mtihani tu.

Ikaja barua. Tukifeli mara ya tatu, kitengo cha maji kitafungwa hapa, na sampuli zote zitapelekwa kwa ndege kwenye maabara ya nchi jirani. Mkemia mwenyewe ataondolewa kwenye ukuu na kupelekwa kaunta ya mapokezi, kubandika namba kwenye mikebe, kwa sababu sahihi kwenye majibu ilikuwa yake.

Kicheko kikaisha. Nilikaa getini wiki nzima bila kukisikia, na nikagundua kuwa nilikuwa nimekizoea kama watu wanavyozoea saa ya ukutani. Mkemia akawa anarudia hesabu zake mara tatu. Alianza kujishuku, na mtu akianza kujishuku hata jina lake anaweza kulikosea. Shangazi alikuwa akimtazama na moyo unamuuma.

"Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia siku moja, akinyoosha kidole kwenye mashine ya kupimia. "Hiyo mashine ina roho mbaya. Mimi nimeiona tangu walipoileta."

Mtihani wa tatu ulifika siku ya Ijumaa. Nilikwenda kuuchukua uwanja wa ndege mwenyewe, nikauweka mapajani badala ya nyuma, kinyume cha sheria. Jumamosi Shangazi alikuja kazini siku ambayo si yake, akaosha chupa zetu kumi na mbili za kupimia mtihani, akazipanga kwenye rafu ya juu, akazifunika kitambaa cheupe. Kupima kulipangwa Jumatatu saa tatu.

Yaliyotokea Jumapili sikuyaona, lakini Shangazi ameyasimulia wakati wa chai mara nyingi kiasi kwamba naweza kukueleza hata jua lilikuwa upande gani. Alikuwa uani anafua mashati ya mzee. Mzee alikaa kwenye kigoda karibu yake, hana gazeti, hana kibiriti. Macho yakazunguka, yakatua kwenye pakiti ya sabuni ya unga.

"Kilo moja," akaanza. "Hung'arisha bila kuchosha. Weka mbali na watoto. Usimeze."

"Nani ameze sabuni, baba nanii?"

"Mimi sijui. Wameandika, nasoma." Akaigeuza pakiti. "Imetengenezwa kwa chumvi za sodiamu, king'arishi, fosfati, manukato ya ndimu..."

Shangazi akaacha shati majini.

"Rudia."

Mzee akaogopa. Katika ndoa yake yote hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Akarudia polepole, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani, na alipofika kwenye fosfati mkewe akakaa chini kwenye sakafu iliyolowa, na nguo zake zote.

Ni kwamba, msomaji, kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mwaka jana, kabla ya ule mtihani wa kwanza kufeli, Shangazi alisikia kuwa safari hii wakubwa watatazama kwa makini zaidi. Akaona aibu. Wageni waje wakute chupa za chumba chake zimeoshwa kwa sabuni isiyo na povu? Basi alipomaliza taratibu zote, asidi na maji ya mashine na kila kitu, alizichukua zile chupa za mtihani peke yake, akazipa mkono wa mwisho kwa sabuni yake mwenyewe kutoka nyumbani, povu mpaka kwenye viwiko. Akazisuuza bombani, akazifuta kwa kitambaa kipya, zikang'aa. Chupa za kila siku hakuzigusa. Tulipofeli, alizidisha sabuni. Tulipopata barua, alinunua pakiti mpya ya kilo nzima. Kadiri alivyotupenda, ndivyo alivyotumaliza.

Jumatatu nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Taa ya chumba cha sinki ilikuwa inawaka. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kreti iliyopinduliwa, chupa kumi na mbili zimepangwa mbele yake sakafuni, na kifuniko cha njano cha pipa la asidi kiko wazi. Nilikuwa na viatu vya nje. Hakusema kitu. Hapo nikajua kuna msiba.

Akanieleza yote. Kisha akaniuliza, "Dereva, ungekuwa wewe, ungefanyaje? Nikizitumbukiza hizi kwenye asidi sasa hivi, saa tatu zitakuwa safi. Hakuna atakayejua."

"Zitumbukize," nikamwambia. Sitaki kujifanya mtu mwema hapa. Hilo ndilo nililosema. "Zitumbukize, Shangazi, tufaulu, yaishe. Umebakiza miezi mingapi kustaafu?"

"Saba."

"Basi! Funga mdomo miezi saba."

Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana wewe wamekupa gari, hawakukupa chupa," akasema. "Tukifaulu leo, wataandika kwamba mwanangu alikuwa mzembe mara mbili, akatishiwa, akajirekebisha. Ataishi na hilo. Wakati aliyekuwa anachafua ni mimi."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze nikiwa nimesema."

Akainuka, akafunika pipa. Akazipakia chupa kwenye trei moja moja, akajifunga kitambaa cha kichwa vizuri, akachapa mguu kuelekea ofisini kwa meneja. Nilimfuata na viatu vyangu. Nilikuwa na hofu, lakini pia, lazima niseme, nilikuwa najivunia kuwa namjua.

Meneja wetu ni mwanamume mwembamba anayetafuna kalamu. Mkemia alikuwa tayari yupo, macho mekundu. Shangazi aliweka trei mezani, akasema bila kuketi:

"Mwanangu, usitafute tena. Ni mimi."

Akaeleza. Alieleza kila kitu, povu na viwiko na kitambaa kipya, mpaka bei ya pakiti. Alipomaliza, akaitoa pakiti yenyewe kwenye mkoba na kuiweka kando ya chupa. Meneja alisahau kutafuna.

"Kwa nini hukutuambia?" akauliza hatimaye. "Tumehangaika mwaka mzima!"

"Hamkuniuliza, baba. Mliiuliza mashine."

Mkemia akaibeba trei mpaka maabara, nasi tukamfuata. Alichukua chupa moja ya trei, na chupa nyingine kutoka rafu ya kila siku. Akamimina kwenye zote mbili maji ya mashine, yale yasiyo na kitu. Akatia dawa. Dawa hiyo ikikutana na fosfati hugeuka buluu. Tukasimama wote wanne tukizitazama kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Dakika tano, kumi. Chupa ya kila siku ilibaki vile vile, maji tu. Ile ya Shangazi, iliyong'aa kupita zote, ikaanza kuwa na rangi hafifu, kisha ikakolea, kisha ikawa buluu kama sare ya shule.

Mkemia akaiinua. Mabega yakaanza kumtetemeka. Nilidhani analia, na Shangazi pia alidhani hivyo, akamnyooshea mkono. Kumbe ni kicheko. Kilianzia chini chini, kikapanda, kikavunja kila kitu, akashika meza, miwani ikamwanguka. "Shangazi!" akasema akipata pumzi. "Shangazi, wewe! Mwaka mzima naota namba! Nimebadilisha taa ya mashine! Nimemtukana fundi wa watu!" Akamkumbatia, akamnyanyua kabisa, na Shangazi si mwepesi. Mlinzi aliacha geti akaja kuona kuna nini. Aliniambia baadaye kwamba alipokisikia kile kicheko alijua mambo yamenyooka, hata kabla hajajua ni mambo gani.

Meneja hakucheka mara moja. Aliandika ripoti kwa makao makuu siku hiyo hiyo, akamwambia Shangazi wazi kwamba jina lake litakuwemo na kwamba yeye hana uwezo wa kuahidi lolote. Shangazi akasema, "Andika, baba. Mficha uchi hazai." Kisha akaenda kuziosha chupa kumi na mbili, kwa sabuni isiyo na povu, na saa nane mchana mtihani ukapimwa.

Tukasubiri wiki tano. Katika wiki hizo Shangazi aliyaweka mambo yake sawa kama mtu anayesafiri. Alimfundisha mlinzi kutazama maji kwenye kioo, sijui kwa nini mlinzi. Aliziosha brashi zote kumi na sita. Mkemia alimletea chai yeye, safari hii, akamkaripia asipokula.

Majibu yakaja Jumatano. Fosfati: sahihi mpaka tarakimu ya mwisho. Katika maabara arobaini na moja tulikuwa wa tatu. Mashaka yote juu ya mkemia yakafutwa kwa maandishi. Kelele zilizopigwa ukumbini zilimwamsha mbuzi wa jirani. Lakini pamoja na majibu kulikuwa na bahasha nyingine, imefungwa, ya Shangazi peke yake, na ndani yake, alisema mkemia, kuna barua na tafsiri yake kwa Kiswahili. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili. Hakuifungua.

"Nipeleke nyumbani," akaniambia. "Ana haki ya kuisoma yule."

Njiani aliishika bahasha mapajani, sawasawa nilivyoushika mimi ule mtihani. Mzee Gazeti alikuwa barazani anasoma gunia la saruji. Alipoiona bahasha iliyofungwa, na akaambiwa aifungue, alikwenda kwanza kunawa mikono.

Akavaa miwani. Akaanza juu kabisa: nembo, anwani, namba za simu mbili, namba ya barua. Nilitaka kumwambia aruke. Shangazi akanikazia jicho.

"Mpendwa Bi Shangazi," mzee akasoma, akasita. "Wamekosea jina lako."

"Soma."

Akasoma. Makao makuu yalikuwa yamepokea ripoti. Yakaandikia maabara zote na kuuliza swali moja: je, kuna mtu kwenu anayezitendea chupa za mtihani tofauti na nyingine? Katika nchi tisa alipatikana. Mmoja alizisuuza kwa maji ya waridi. Mwingine alizikausha juani ili zipate baraka. Mmoja, mzee wa miaka sitini na minne, alizifuta kwa shati lake la harusi. Wote walificha, wote kwa nia njema, na hakuna aliyekuwa amejisema mpaka aliposikia kuwa kuna mama mahali fulani amejisema mwenyewe. Kuanzia sasa, chupa za mtihani zitachukuliwa kutoka rafu ya kila siku, yoyote inayofikiwa na mkono, na sheria hiyo imeandikwa vitabuni kwa jina la aliyeisababisha: Kanuni ya Shangazi. Kazi yake iko palepale mpaka siku yake ya kustaafu. Kabla ya siku hiyo, wanaomba ruhusa waje kumpiga picha za video akiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, ili wanaoosha chupa katika nchi zote wajifunze kutazama.

Mzee alisoma sahihi, cheo cha aliyesaini, na maneno madogo ya chini kabisa kuhusu karatasi kutengenezwa kwa miti iliyopandwa. Kisha akaikunja barua na kunyamaza, kwa mazoea, akisubiri kuambiwa masikio ya watu yanataka kupumzika.

Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa kanga. Alipouondoa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, hafuti kimoja wala kingine.

"Rudia," akasema. "Anzia kwenye nembo."